Bunduki ya Mchezo Ndani ya Mkeka

Niliikuta chini ya kitanda cha binti yangu, Jumatatu moja ya mwezi wa tano, nikitafuta sanduku la kufungia makoti ya baridi. Mkono uligusa chuma kabla jicho halijaona kitu. Niliivuta kwa kitako, mtutu ukielekea ukutani, na nilipozinduka nilikuwa nimepiga goti moja juu ya zulia la chumba cha mtoto, hapa Adelphi, Maryland, vidole vyangu vikitafuta swichi ya usalama ubavuni. Sikuwa nimeshika kitu cha namna ile kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwili una kumbukumbu zake na hauombi ruhusa.

Ilikuwa SMG. Hivyo ndivyo tunavyoiita Tanzania, na ndivyo redio inavyosema majambazi wanapokamatwa nayo. Wengine huijua kwa jina la AK. Magazini ilikuwa ile ile iliyopinda, mbao zile zile za rangi ya majani makavu ya chai, na kifuniko cha juu chenye matuta. Nilipoitikisa, ndani yake vikacheza vidonge vidogo kama mtama ndani ya kibuyu, ndipo nikavuta pumzi. Ilikuwa ya mchezo. Pumzi ile haikufika mbali, kwa sababu nilipoigeuza niliuona mdomo wa mtutu. Sheria ya huku inataka bunduki ya mchezo iuzwe na ncha ya rangi ya machungwa, ili anayeiona ajue. Ncha ilikuwepo, na mtu alikuwa ameipaka rangi ya kucha, nyeusi, kwa uangalifu mkubwa, hata ukingo haukuvuja. Rangi hiyo nilimnunulia mimi, sikukuu ya Idi.

Binti yangu ana miaka kumi na mitano. Ni mfupi, mwembamba, ana maneno mengi, na Kiswahili anakisikia chote ila anajibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa huku. Tunaishi wawili tu. Baba yake yuko jimbo jingine na mke mwingine na hayumo katika habari hii. Nalisema hili mapema kwa sababu huo uchache wetu ndio uliokuja kutuletea kizaazaa wiki ile ile.

Aliporudi shule alinikuta nimekaa jikoni, bunduki iko mezani, nimeifunika kitambaa. Aliiona hata hivyo. Kitu kile hakifichiki kwa kitambaa.

"Mama, it's airsoft," alisema kabla sijafungua mdomo. "Si ya ukweli. Ni plastic BBs tu. Everybody plays."

Hao everybody ni watoto wanne wa darasani kwake ambao Jumamosi hupelekwa na baba wa mmoja wao kwenye msitu wa kukodi, kusini ya hapa, wakavaa miwani mikubwa na kurushiana vidonge mpaka jua lishuke. Mmoja alikuwa amepata mpya, akamwachia binti yangu ya zamani.

"Imefikaje hapa?"

"I walked."

"Umeibebea wapi?"

"In my gym bag, Mama. Mostly."

Hiyo mostly ilinimaliza. Mfuko wake wa michezo naujua, mimi ndiye ninayeufua, na bunduki ile haienei humo. Maana yake mwanangu, na hijabu yake na ngozi yake, alitembea University Boulevard mchana kweupe, magari yanapita, mtutu mweusi unachungulia kwapani mwake, na hakuna aliyepiga simu. Au alipiga mtu, na askari wakachelewa. Nilimwambia hivyo. Akasema wenzake wanatembea nazo kila siku. Nikamwambia wenzake wana ngozi ya kuchezea. Nikaongeza kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha, na yeye, anayesikia kila neno akitaka, akakunja uso.

"That's gross, Mama."

"Kifo ni kibaya zaidi."

"Nobody's dying. It's a toy."

Alilia, nikalia, akafunga mlango wake kwa kishindo. Yeye alitaka Jumamosi moja tu msituni. Mimi nilitaka awe hai Jumapili. Kila mmoja alidhani mwenzake ni mkaidi wa bure.

Tangu hapo sikutulia. Kazi yangu ni kuendesha basi dogo linalochukua wazee majumbani kuwapeleka kituo cha kushinda mchana, na wiki ile wazee walilalamika kwamba nakanyaga breki kama naua nyoka. Kila gari la polisi nililoliona nililifuata kwa macho mpaka lilipopotea. Nikisimama kwenye taa, mguu ulikuwa unacheza wenyewe. Wakati wa chakula sikuweza kula, nikawa nasoma kwenye simu habari za kitu kile, nikitafuta sijui nini, labda mtu wa kumlaumu. Nikajua kwamba bunduki hizi za mchezo zilipata umaarufu kwanza huko Japani, ambako raia wa kawaida haruhusiwi kumiliki za kweli, basi watu wazima wenye hamu wakatengenezewa za kufanana: urefu ule ule, uzito wa kukaribiana, hadi alama za kiwandani. Zilipofanana mno, majeshi na polisi wa nchi mbalimbali nao wakaanza kuzitumia kufundishia watu wao. Kitu kilichoiga jeshi kikaingia jeshini kwa mlango wa nyuma.

Na ile iliyoigwa niliijua, sikuhitaji simu. Aliibuni sajenti wa Kirusi wa kikosi cha vifaru baada ya kujeruhiwa vitani, akitaka silaha ambayo askari asiye na elimu, mwenye vidole vilivyoganda na matope hadi magotini, ataiweza. Alifaulu kupita kiasi. Tulifundishwa hayo kwa sifa kwenye kambi ya jeshi nilikopitia ujanani, kwamba ndiyo iliyosaidia kuikomboa kusini mwa Afrika, ndiyo ile iliyomo kwenye bendera ya Msumbiji. Hatukuambiwa ilikwenda wapi baada ya ukombozi.

Kambini nilikwenda kwa kujitolea, nilipomaliza shule, kwa sababu mama yangu alitaka nipate kazi serikalini na mimi nilitaka kutoka Tanga. Miezi ya kwanza hatukupewa bunduki. Tulipewa bunduki za mbao, kazi ya seremala wa kambi, zimepakwa mafuta machafu ya gari ili ziwe nyeusi. Tulikimbia nazo, tulilala nazo, tulikula nazo magotini. Siku moja kuruta mwenzangu aliegemeza yake ukutani ili afunge kamba za viatu. Koplo aliyetufundisha, mtu mfupi asiyepaza sauti kamwe, akamwita mbele ya gwaride.

"Hicho ulichokiacha ukutani ni nini?"

"Mti, afande."

Akamrusha kichurachura kuuzunguka uwanja mzima, sisi tumesimama mguu sawa juani tunamtazama. Kisha akatugeukia. "Hicho ni bunduki," akasema, "mpaka mimi niseme ni mti."

Bwenini tulicheka mpaka mbavu zikauma, tukimwigiza. Huku Adelphi sikucheka. Kitu kilichomo mkononi mwa mwanangu kitakuwa bunduki mpaka askari aseme ni plastiki, na nimeshaona kwenye habari jinsi tamko hilo linavyochelewa kuja. Huja mtoto akiwa chini tayari.

Alhamisi niliomba ruhusa ya mchana. Yeye alikuwa shule. Nilikuwa nimeamua kitu kile kisilale tena nyumbani kwangu, atanichukia akitaka, chuki ya mtoto aliye hai naiweza. Ila kukitoa ndiyo ikawa kazi. Jaa la taka liko nyuma ya jengo, na watoto wa jengo zima wanacheza hapo. Nikikitupa, atakiokota mtoto wa mwenzangu, na nitakuwa nimehamisha msiba tu. Kuwaita polisi waje wakichukue, niliwaza, niwafungulie mlango nimesimama nacho? Nilijaribu kukifungua jikoni, kama tulivyofundishwa kuifungua ya kweli hata gizani. Kifuniko cha juu kikatoka kwa mbonyezo ule ule, nikafurahi kijinga, kisha ndani nikakuta betri, nyaya na magurudumu madogo yenye meno, vitu nisivyovijua, na mtutu wa chuma usiotoka kwa mkono. Nikakifunga.

Nikamkumbuka mwenzangu wa kazini. Ni mama wa Kikongo, kutoka Uvira, yeye ndiye anayewashika wazee mkono wanapopanda basi langu, na siku ile alikuwa na mapumziko kwake Oxon Hill. Mumewe ni seremala. Nyumba yenye seremala haikosi msumeno wa umeme, na kitu kikikatwa vipande sita hakimdanganyi mtu tena.

Niliizungushia shuka la kwanza nililolishika, ambalo lilikuwa jeupe. Juu yake nikaviringisha mkeka wa ukindu alionipa mama yangu nilipoondoka, nikafunga kwa mtandio ncha zote mbili. Kisha nikasimama mlangoni nikijiuliza nitaibebaje. Begani itaonekana bunduki, kwa sababu bega ndiko bunduki inakokaa. Kwapani vile vile. Basi nikailaza juu ya mikono yote miwili, mbele ya kifua, nikashuka ngazi polepole, upande upande, isigonge ukuta. Machozi yalikuwa yananitoka. Yalikuwa ya hasira na ya woga, na ya kujua kwamba namwibia mwanangu.

Kwenye kona ya ngazi nikakutana na bibi wa mlango unaotazamana na wangu. Ni mtu wa Lamu, amekuja si zamani kukaa na mwanawe na mkwewe, bado anashangaa kwamba huku jirani anaweza kukupita bila kukusalimu. Alikuwa anapanda na mfuko wa vitunguu. Aliniona, akauona mkeka, akajibanza ukutani kunipisha, akajiziba mdomo kwa leso. Mimi nilishusha macho. Sikumwamkia. Tangu ahamie hapa sijawahi kumpita bila shikamoo, hata nikiwa na haraka ya basi. Siku hiyo niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitapiga kelele.

Kwenye barabara kuu ya Beltway niliendesha kama nimebeba mayai. Simu nilikuwa nimeisahau jikoni ikichaji, kwa hiyo hata muziki sikuwa nao, nilisikia tu vile vidonge vikitembea ndani ya magazini kwenye buti kila nilipopinda.

Mwenzangu alinipokea kwa kicheko chake kikubwa, akanipeleka gereji, akasema mumewe yuko kazini ila msumeno upo. Niliweka mkeka sakafuni nikafungua mtandio. Mlangoni nilikuwa nimemweleza ni kitu gani, nikarudia ni cha mchezo, cha plastiki. Shuka lilipofunguka kicheko kikakatika. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mashine ya kufulia.

"Funika," alisema.

"Ni ya mchezo, mama. Itazame, hata betri ina—"

"Minajua ni plastique. Kichwa inajua. Mikono haijui." Alikuwa ameificha mikono yake kwapani. "Ile kintu ilikuyaka kutuvamia ku nyumba yetu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa ya kweli. Mara ya pili ilikuwa ya mbao, kijana moja wa kwetu aliichonga, akaipaka noir, nyeusi kabisa. Nyuma ndiyo tulisikia kwamba ilikuwa ya mbao."

"Na mlifanyaje?"

"Tulilala chini sawa tu na ile ya kwanza. Nani angesimama kuangalia?"

Nilifunika. Nilifunga mtandio vibaya, na yeye alisimama pale pale mpaka nilipomaliza ndipo akaja akanikumbatia kwa nguvu. Akasema mumewe atakuwa nyumbani Jumamosi, nirudi, ataikata yeye mwenyewe, lakini leo isibaki pale na watoto wake wanakaribia kushuka kwenye basi la shule. Nilimwelewa. Nikairudisha kwenye buti nikageuza gari, na sasa nilikuwa naendesha kasi kuliko inavyofaa, kwa sababu na wangu pia alikuwa anakaribia kushuka.

Nilipofika ghorofani kwetu nikakuta viatu.

Mtu wa pwani akiona viatu vingi mlangoni mchana wa siku ya kazi, haulizi. Vilijaa kuanzia mlango wa bibi hadi kwangu, kandambili, viatu vya hospitali, viatu vya ofisini, vimepangwa pembeni ya ukuta ili watu wapite. Mlango wa bibi ulikuwa wazi, wanawake wamebanana ndani, leso vichwani. Nikaona sufuria limefungwa kwa taulo, na chupa za chai. Nilijua mama yake bibi, kikongwe kabisa, alikuwa mgonjwa Lamu. Nikajiambia ndiyo hivyo tena, ametangulia, na mimi mchana nimempita mwanawe ngazini bila hata salamu.

Nilimwendea moja kwa moja nikamkumbatia. "Pole, bibi. Pole sana."

"Pole ni yako, mwanangu," akasema, akanishika kichwa.

"Yetu sote."

"Mungu akupe subira."

"Amina. Atupe sote."

Hayo ndiyo maneno ya msiba kwetu, humjia mtu mdomoni bila kupita kichwani, na yalipita vizuri tu pande zote mbili. Nikaona chumba hakitoshi. Nyumba yangu ina sebule pana zaidi, nikafungua mlango wangu nikawaambia waingie, waketi, nyumba ni yao. Wakaingia kwa heshima kubwa. Nikatandika mikeka, nikatoa vikombe, nikaanza kumimina chai, na kila niliyempa kikombe alinishika mkono akanitazama machoni. Mmoja, aliyetoka Silver Spring na sufuria lake, aliniondolea birika mkononi akaniambia niketi, mfiwa hahudumii watu. Nikadhani amechanganya. Nikamwambia bibi ndiye aketi. Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Msiba hauulizwi mlangoni. Unavua viatu, unaketi, unangoja, habari zitakuja zenyewe. Mimi niliketi nikingoja za Lamu. Wao waliketi wakingoja zangu.

Mguu wangu ulikuwa unacheza tena. Basi la shule lilikuwa limechelewa, au nilidhani limechelewa.

Kisha nikasikia ufunguo. Binti yangu alisukuma mlango akasimama kizingitini na mfuko wake mgongoni, nyaya za muziki masikioni, akatazama sebule iliyojaa wanawake chini. Bibi ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Aliinua macho, na uso wake ulibadilika rangi mbele yangu. Alijiinua kwa kushika ukuta, akamshika binti yangu mashavu kwa mikono miwili, akampapasa mabega, mikono, akarudi usoni, kama mtu anayetafuta jeraha. Halafu akaketi chini pale pale, bado ameshika sketi ya mtoto. Mwanamke wa Silver Spring alianza kulia kwa sauti.

"Mama," binti yangu aliniuliza, "who died?"

Nilifungua mdomo niseme mama yake bibi. Bibi akaniwahi.

"Nalikuona ukishuka naye," aliniambia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umemkunja kwenye mkeka, shuka nyeupe yatokeza. Walia. Hukuniamkia. Wewe huachi kuniamkia kamwe, nikasema, huyu amefiwa. Nikasema, nyumba hii wako wawili, na mmoja ndiye huyu anayebeba."

"Bibi, mtu huyu ni mkubwa, angeenea vipi mikononi mwangu?"

"Sikupima. Nani apimaye maiti kwa macho? Nikasema tu, hana mwanamume wa kumbebea, amembeba mwenyewe."

Mkwewe ndiye aliyetuma ujumbe kwa kina mama Waswahili wa huku, kwamba jengo letu lina msiba. Walinipigia mimi, simu iko jikoni. Walimpigia binti yangu, simu za wanafunzi hufungiwa darasani. Kimya cha simu mbili kikawa uthibitisho.

"Mama, what were you carrying?"

Ningeweza kusema uongo. Vichwa ishirini vilikuwa vimenigeukia na vyote vilikuwa vimenililia tangu mchana. "Bunduki yako," nilisema.

Nikawaeleza, kwa maneno machache, ni ya mchezo, imefanana na ya kweli, nilikuwa nakwenda kuiharibu. Wachache wakacheka, kicheko cha kutua mzigo, na mmoja akasema alhamdulillahi, chakula kisipoe basi. Kikaliwa. Wali uliopikwa kwa ajili ya matanga una ladha ile ile. Wanawake walikula wakitaniana, wakaniambia siku nyingine nifiwe Jumamosi, watu wana kazi. Bibi peke yake hakucheka. Binti yangu naye hakukasirika, ingawa ndicho nilichokuwa nakingoja. Alikaa kwenye mkeka kando ya bibi, ambaye hakuwa amemwachia sketi, akakubali kulishwa matonge kwa mkono kama mtoto mdogo. Alikuwa anawatazama wanawake mmoja mmoja, macho mekundu, leso zilizolowa, sufuria lile lililotoka Silver Spring. Kila kilichokuwemo sebuleni kilikuwa kimekuja kwa ajili ya kifo chake. Niliona anavyokielewa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Siku hiyo mwana naye alionjeshwa.

Walipoondoka jua lilikuwa bado lipo. Jumamosi iliyofuata hakwenda msituni, tulikwenda naye Oxon Hill, na msumeno ukafanya kazi yake wakati mwenzangu amejifungia jikoni asisikie. Mpaka leo mguu wangu bado unacheza kwenye taa nyekundu. Lakini ninachokirudia kichwani ni ile jioni ya Alhamisi, alipovaa viatu bila kuambiwa, akaniambia tushuke kwenye gari.

"Open the trunk, Mama."

Nilifungua. Alitazama mkeka kwa muda, hakuugusa. Kwenye maegesho hapakuwa na mtu ila sisi. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, Kiswahili chake kizito ambacho sikuwa nimekisikia tangu alipokuwa darasa la kwanza.

"Ulinibebaje?"

Sikutaka. Aliuliza tena. Nikainama, nikaitoa kwenye buti, nikailaza juu ya mikono miwili mbele ya kifua, shuka jeupe likitokeza upande mmoja. Alisimama mbele yangu akautazama mkeka, akanitazama usoni, akautazama tena.

"Basi," akasema. "Iweke chini, Mama. Mimi niko hapa."

Niliiweka chini, juu ya lami. Mikono yangu ilibaki vile vile mbele ya kifua, haijui, mpaka yeye alipoingia ndani yake.